Kioo Ndani ya Bomba

Bunia, Jumatatu mchana

Kwako Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nianze na mama. Magoti yake yanamruhusu kufika kanisani kwa miguu, au bado anabebwa na pikipiki? Na wewe, ile homa iliyokulaza wiki mbili imekuacha kweli, au unasema tu imekuacha ili tusiulize zaidi? Watoto wako wameshapewa matokeo ya shule? Unijibu moja moja, usijumlishe kwa kusema "wote wazima" kama unavyofanya kwenye simu.

Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninaenda kazini, usingizi ndio mchache. Kinachonisumbua ni woga, na ndiyo sababu nimekuandikia kwenye karatasi badala ya kupiga. Ninaijua simu yenu: ukiipokea tu, mama anataka uweke sauti juu, na majirani wa pande zote mbili wanasikia. Haya ninayokuandikia uyasome peke yako kwanza, halafu umwambie mama kile utakachoona kinamfaa. Anayekuletea ni yule mama muuza vitambaa wa kanisani kwetu. Anapanda ndege kesho kuja Butembo, na amekubali kuibeba bahasha ndani ya Biblia yake.

Unajua desturi yangu ya kuandika kila siku kwenye kaye, lile daftari langu. Nimeifungua hapa mezani ninapokuandikia, kwa hiyo siku na saa nitakazotaja si za kukisia.

Nilikwisha kukuambia kwamba shuleni nimewekwa kutunza vyombo vya labo, maabara yetu. Mwezi uliopita lori kutoka Kampala lilituletea sanduku refu la mbao, zawadi ya mtu aliyesoma hapa zamani. Ndani mlikuwa na darubini ya kutazamia mwezi na nyota. Prefe wetu, mkuu wa shule, alifurahi kama aliyeoa. Lakini labo haina paa sasa, mafundi wanabadilisha mabati wakati huu wa likizo, na mvua inaingia inavyotaka. Prefe akaniambia, "Kavira, ipeleke kwako mpaka mabati yarudi. Kwako kuna kufuli." Nikaifunga kwenye blanketi, nikaipakata nyuma ya pikipiki hadi nyumbani, na jasho langu lote siku ile lilikuwa la kuogopa mashimo ya barabara. Kumbe mashimo hayakuwa kitu.

Usifikirie ile ya macho mawili wanayoshika askari. Hii ni bomba jeusi, refu karibu kunifikia kifuani, pana kama sufuria ya bugali ya familia kubwa. Chini kabisa kwenye kitako kuna kioo cha mviringo kilichobonyea kidogo kama sahani. Juu, karibu na mdomo, kuna kioo kidogo kilichoinama, kimeshikwa na vyuma vinne vyembamba. Mwanga unaingia mdomoni, unashuka hadi kioo kikubwa, unarudi juu hadi kioo kidogo, na hicho kinautupa pembeni kwenye tundu ambapo mtu anaweka jicho. Vioo hivyo viwili vinapaswa kutazamana sawasawa. Vikikosana, hata kwa upana wa unywele, unaona ukungu tu.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Unakumbuka tulivyolelewa. Ngurumo ya kwanza tu, mama anafunika kioo cha kabati, anafunika na kile kidogo cha kujipakia poda, anatukataza kukaa mlangoni na kushika sufuria. Hapa Bunia ni vilevile, kila nyumba. Mimi nimesoma fizikia, umeme nimeujibu kwenye mtihani wa Taifa na nikapata pointi nzuri. Lakini ngurumo ikianza, mkono wangu hauulizi diploma.

Jumanne iliyopita, saa tisa mchana, mvua ilikuja kwa ghafla. Nilikuwa nje jikoni, ninapika sombe, majani ya muhogo. Ngurumo ikapiga, na nikakumbuka kwamba chumbani kwangu kuna kioo kikubwa kuliko vyote vya mtaa huu, avenyu yetu nzima, na kiko wazi. Nikakimbia, nikavuta kikwembe kilichokuwa kwenye kamba, nikaingia na kuanza kukisukuma ndani ya mdomo wa bomba kwa mkono mzima, mpaka bega, ili kifike chini kwenye kioo. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Chini ya paa la mbele alikuwa amejikinga mvua Papa Innocent, jirani wa parseli ya pili, kiwanja kinachopakana na chetu, dereva wa pikipiki. Akaniona.

"Mamuzeli," akaniita kama wanavyowaita hapa walimu wasichana, "mule ndani iko nini?"

"Iko kioo," nikamjibu.

Ni hilo tu nililosema. Nisingekimbia kufunika, hakuna ambaye angejua kwamba ndani ya bomba lile kuna kioo.

Hazikupita dakika kumi, radi ikaanguka juu ya mti wa avoka ulio katikati ya parseli yetu na ya Papa Innocent. Sikuisikia kama sauti, niliisikia kama kupigwa kifuani. Mbuzi wawili wa Papa Innocent waliofungwa pale chini walikufa wamesimama, kisha wakaanguka. Mke wake, Mama Neema, alikuwa ametoka mbio kuwafungua. Tulimkuta amelala kwenye matope, macho wazi, haongei. Mume wake alimpakia kwenye pikipiki yake mwenyewe, kijana wa jirani akakaa nyuma kumshikilia, wakaenda naye kituo cha afya katika mvua ile ile. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Sombe yangu ilikuwa inaungua na hakuna aliyeniambia.

Jumatano asubuhi habari zilikuja kwamba Mama Neema anaishi na anaongea, lakini mkono wa kuume haushiki kitu. Nilishukuru Mungu. Halafu nikaenda bombani kuchota maji, na wanawake walionitangulia wakasogeza bidoni zao upande, wote kwa pamoja. Niliporudi nikakuta nguo zangu zimebaki peke yake kwenye kamba. Waliokuwa wameanika nao walikuwa wameanua, nguo bado mbichi. Mwenye parseli wetu, Mama Georgine, mjane aliyeniita binti yake tangu siku niliyolipa chumba, alipita mbele ya mlango wangu akiangalia chini.

Saa nane jiwe lilianguka juu ya bati langu. Moja tu. Nilikaa kitandani nikisubiri la pili, na kusubiri kule ndiko kulikoniumiza kuliko jiwe. Hapa, Yaya, mtu akisemwa kwamba anavuta radi, hapelekwi mahakamani. Nimeishi hapa miaka minne na nimesikia jinsi yanavyomalizika mara nyingine. Sitakuandikia.

Jioni shefu wa avenyu, kiongozi wetu wa mtaa, aliitisha mkutano. Ni fundi cherehani, mtu mzima, anaitwa Papa Désiré, na anaongea polepole kama anayepima kitambaa. Watu walijaa uani, Papa Innocent akiwa mbele. Hakuwa anapiga kelele. Aliongea chini kabisa, ikabidi wote wanyamaze ili wamsikie.

"Nilimuona na macho yangu. Mvua inaanza, ye anakimbia kwa ile bomba. Anaingiza mukono mpaka hapa. Namuuliza iko nini, anasema kioo. Kioo ya mutu iko kwa ukuta. Kioo gani inakaa ndani ya bomba, inaangalia juu?"

"Nilikuwa nakifunika," nikasema.

"Ulikuwa unakifunika, ao ulikuwa unakichokoza?"

Baadhi walicheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Batoke nayo leo, si kesho." Niliposikia "batoke", kama kwamba tuko wengi, nilitafuta kwa macho ni nani mwingine anayetakiwa kutoka. Nilikuwa peke yangu.

Papa Désiré aliinua kidole chenye pete yake ya kushonea. "Mamuzeli, siye hatukatae masomo. Batoto betu banasoma kwenu. Batu banasema ile kitu inavuta radi. Weye unasema iko ya nini?"

"Ya kuangalia mwezi, Papa."

"Basi samedi, jua ikizama, utatuonyesha mwezi. Na siye tutaangalia. Kama inaonyesha mwezi, tutajua iko ya mwezi. Kama haionyeshe kitu, ile bomba inatoka mu avenyu. Na mwenyewe anaifuata."

Nilitaka kusema niipeleke shuleni usiku uleule. Lakini nilielewa kwamba nikiitoa kabla ya Jumamosi hiyo, watasema nimekimbia nayo, na Mama Neema alikuwa bado kituoni. Kama hali yake ingebadilika, wangejua pa kunitafuta.

Alhamisi niliamka kabla ya jua na kukivuta kile kikwembe. Hakikutoka. Upindo wake ulikuwa umenasa kwenye vile vyuma vinne, na nilipouachanisha niliona kioo kidogo kimezunguka, kinatazama ukuta wa bomba badala ya kutazama tundu. Nikaelekeza bomba kwenye mnara wa simu kule kilimani, nikaweka jicho. Maziwa. Maziwa matupu, na kivuli kimoja upande. Ndipo nilipohesabu kwamba nina siku tatu za kujifunza kazi ambayo hakuna mtu mji huu aliyewahi kunionyesha, na kwamba aliyeiharibu ni mimi.

Nilimpigia prefe. Alikuwa Mahagi msibani, mtandao unakatika. Nilisikia tu: "Usiguse kioo chenyewe kwa kidole, Kavira. Utakiharibu kabisa. Gusa skrubu tu." Kisha simu ikafa. Kwenye sanduku mlikuwa na karatasi moja ya michoro, maneno yake ya Kiingereza, nikapata nusu. Nilichora michoro ile upya kwenye kaye yangu, nikaandika pembeni kila nilichoelewa na, kwa kalamu nyekundu, kila nisichoelewa. Nyekundu ilizidi.

Karatasi ilitaka mtu achungulie kupitia tundu dogo lililo katikati kabisa, ili jicho lisipotee. Sikuwa nalo. Nilichukua kifuniko cha chupa ya dawa kinachoingia kwenye tundu la jicho, nikatafuta kitovu chake kwa bikari ya shule, nikakitoboa kwa sindano ya moto. Skrubu za kugeuza kioo kikubwa ni tatu, ziko nyuma ya kitako, na zinafanana. Nikaziwekea alama kwa vernisi yangu ya kucha: ya kwanza tone moja, ya pili mawili, ya tatu matatu. Hapo nilijisikia mwenye akili kidogo.

Ilidumu nusu saa. Za kioo kidogo zinageuzwa kwa kifunguo chembamba cha chuma, na mimi nililisimamisha bomba wima kama lilivyokuwa limesimama siku zote. Kifunguo kikaniponyoka, kikadondoka ndani. Nilisikia kikigonga vyuma, halafu kimya, halafu ile sauti nyembamba ya kitu kufika kwenye kioo. Yaya, nilikaa sakafuni. Sikuthubutu kuchungulia. Nilibaki pale mpaka jua lilipohama kutoka kitandani hadi ukutani. Nilipochungulia nilikuta mkwaruzo mmoja pembeni kabisa, mdogo kama kipande cha ukucha. Kioo hakikupasuka. Niliandika kwenye kaye: "Kulaza bomba kwanza, siku zote." Nikapigia mstari mara mbili, kama kwamba kuna mwingine atakayeisoma.

Baada ya hapo nililifanyia kazi likiwa limelala kitandani kama mgonjwa. Kioo kidogo nilikigeuza polepole hadi, kupitia tundu la kifuniko, nikaona ndani yake kioo kikubwa chote pamoja na vishikizo vyake vitatu. Hatua hiyo ilinichukua Alhamisi yote. Iliyobaki ilikuwa ya kioo kikubwa, na hapo nilikwama. Jicho linatakiwa kuwa mbele kwenye tundu, na mkono unatakiwa kuwa nyuma kwenye skrubu, na mkono wangu haufiki. Nilikuwa ninageuza, ninazunguka kitanda, ninachungulia, ninarudi. Kila nikirudi nimesahau ni upande gani.

Ijumaa saa nne Mama Georgine alisimama mlangoni. Alikuwa hajaongea nami siku tatu.

"Unazungukazunguka kitanda kama kuku anatafuta pa kutagia. Iko nini?"

Nikamweleza. Aliangalia bomba kwa muda mrefu kutoka pale mlangoni.

"Kama nikigusa kwa nyuma, kitu itanipiga?"

"Hapana, Mama. Ni skrubu tu."

"Weye unajua, ao unasema?"

"Ninajua."

Akavua viatu vyake mlangoni, kama anayeingia kanisani, na kuja kupiga magoti nyuma ya kitanda. "Nilizaa batoto saba," akasema. "Visi tatu haziwezi kunishinda. Sema."

"Matone mawili. Robo, upande wa kuume."

"Kuume ya nani? Yangu ao yako?"

"Yako."

"Sasa sema yangu. Mimi siko ndani ya jicho yako."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kwenye kioo kikubwa, katikati, kuna alama ndogo ya duara. Kazi yote ni kuifanya alama hiyo ije katikati ya kivuli cha kioo kidogo. Nikawa ninasema, yeye anageuza, na mimi ninaandika: tone moja, robo kushoto, matatu, nusu kuume. Alama ilikuwa inatembea kama sisimizi kwenye sahani. Ilipita katikati, ikaenda zake. Tukairudisha. Mama Georgine alilalamikia magoti, akamlalamikia prefe, akawalalamikia watu waliotengeneza kitu kisichojitengeneza chenyewe. Lakini hakuondoka. Kwenye saa saba alama ikaingia katikati na kukaa.

"Usiguse," nikasema.

"Sijagusa. Nimeshika roho tu."

Jumamosi mchana niliujaribu ule mnara wa simu. Niliona waya zake. Niliona ndege ametua kwenye chuma cha juu kabisa, na nilimuona akigeuza shingo. Na vyote vilikuwa kichwa chini, mnara unaning'inia kutoka ardhini kama popo. Karatasi ilisema ndivyo inavyokuwa, vioo hivi vinapindua. Lakini nilifikiria Papa Innocent akiweka jicho pale na kuona nyumba yake imepinduliwa, na furaha yangu yote ikaisha. Niliamua wataona mwezi tu, si kitu kingine chochote cha duniani.

Jioni, saa kumi na mbili na nusu, watu walikuwa wengi kuliko Jumatano. Mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa ya mapaa. Nilielekeza bomba, nikaupata, nikasogea pembeni. Hakuna aliyekuja. Ndipo upande wa mashariki, kwenye ziwa, mbali sana, mawingu yakamulika bila sauti. Umati wote ukarudi nyuma hatua moja.

"Funika," mtu akasema. "Funika ile kioo."

"Afunike."

Yaya, mkono wangu ulikwenda. Nakuambia ukweli, mkono ulikwenda wenyewe kiunoni kwenye kikwembe nilichokuwa nimejifunga, na vidole vikashika fundo. Niliogopa radi, si watu tu. Niliogopa kama mama anavyoogopa. Nikafikiri, nikifunika, hawataona kitu, na itakuwa kama haionyeshi kitu. Nisipofunika na ikanguruma hapa, sitafika asubuhi. Nikabaki nimeshika fundo, sifungui, sifungi.

Aliyekuja alikuwa Mama Neema. Walikuwa wamemruhusu kutoka kituoni mchana ule. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa, na shingoni, pale blauzi ilipoishia, nililiona kovu la radi lenye matawi kama jani la kangaga. Mume wake alimwita. Hakugeuka.

"Ilinipiga mimi," akasema, hasemi na mtu hasa. "Acha niangalie."

Aliinama. Nilimwonyesha pa kuweka jicho. Alikaa vile mpaka watu wakaanza kunong'ona.

"Unaona nini?" Papa Désiré akamuuliza.

"Mwezi."

"Iko namna gani?"

Akajibu bila kuinua kichwa. "Iko na makovu. Mwili yote. Na yeye walimupiga, Papa Désiré. Walimupiga mara mingi kuliko miye." Kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu anayesifu jirani, "Na iko inaangaza."

Baada ya hapo walipanga mstari. Waliangalia wote, hata aliyesema nitoke. Mzee mmoja aliuliza kama watu wa mwezi wanatuona. Mama Georgine alikuwa anasimamia mstari na kumwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyegeuza visi. Mawingu ya ziwani hayakuja. Papa Désiré alikuwa wa mwisho, na akasema kitu kinabaki. Papa Innocent peke yake hakuja kuangalia. Alisimama kwenye ukuta wake mikono imefungwa, na nilimwona anafikiri.

Ningependa barua hii iishie hapo.

Jana Jumapili, baada ya misa, alikuja kwangu na wanaume wawili nisiowajua. Alibisha hodi vizuri, akakataa kiti, akavua kofia.

"Mamuzeli, nilikukosea. Nilisema weye njo ulivuta radi. Unisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Akaendelea kusimama.

"Bibi yangu ananiambia ile kitu inaona mpaka makovu ya mwezi. Mwezi iko mbali. Sasa mutu mwenye alituma radi kwangu iko karibu. Haiwezi kukosa kumuona."

"Papa Innocent, haioni mambo ya ndani ya mtu. Inaona vitu tu."

"Vitu vinatosha." Akanionyesha kwa kidevu mwisho wa avenyu, kwenye nyumba ya udongo ya mzee mwingine, muuza makala, makaa ya kupikia, anayekaa peke yake. Yeye na mzee huyo waligombana msimu uliopita kwa ajili ya mpaka wa mashamba yao. "Dirisha yake iko wazi. Tuelekeze pale. Tuone anaficha nini."

Wale wawili walikuwa wameshaingia uani, wanaangalia mahali pa kuisimamisha.

Nilijua itaona. Hilo ndilo lililonitia baridi. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, kwa mikono yangu. Ingeona kila kitu ndani ya chumba cha mzee yule, kikubwa na karibu: vyungu vyake, kamba, mizizi ya dawa ya mgongo, mifupa ya supu. Na vyote kichwa chini, kama vitu vya mchawi. Kila mmoja wao angeona alichokuja kutafuta. Na kama ningekataa, ningekuwa ninamficha, na yale ya Jumatano yangerudi, juu yangu na ya mzee pamoja.

Nikasema, "Jana watu wengi wameigusa. Nipeni dakika niangalie kioo."

Nikafunga mlango. Nikalilaza bomba kitandani. Sikuwa na muda wa kuogopa kuharibu. Tone moja, mizunguko mitatu kushoto. Mawili, miwili na nusu kuume. Matatu, minne kushoto. Siku mbili za kazi zikaondoka kabla hawajabisha tena. Nikaitoa nje na kuielekeza pale walipotaka, dirishani hasa, ili wasiseme nimeikwepesha.

Papa Innocent akaangalia. Akahamisha jicho, akaangalia tena.

"Iko moshi tu."

"Nilihofia hivyo. Imeharibika."

"Utaitengeneza?"

"Sijui, Papa. Prefe njo anajua."

Aliniangalia sana, Yaya. Sikujua macho yangu yanasema nini. Kisha akavaa kofia na wakaenda zao, na walipopita mbele ya ile nyumba ya udongo mmoja aligeuza kichwa, lakini hawakusimama.

Nilikuwa nimetoka kupokea komunyo saa ile ile, na nimedanganya. Uniombee. Mambo yote nimemweleza Papa Désiré jana jioni, na akaweka kiti chake na cherehani yake leo karibu na mwisho wa avenyu, anasema huko kuna mwanga mzuri zaidi. Asubuhi mimi nimekwenda kununua makala kwa yule mzee, mchana kweupe, polepole, kila mtu anione. Alinipimia, akaniuliza kama ni mimi niliyeonyesha watu mwezi, na kwa nini hawakumwita. Nilimwambia chombo kimeharibika. Akasema pole, mutoto, vitu vya kioo havikawii kuharibika.

Usiniandikie kwamba nirudi Butembo. Najua ndilo neno la kwanza litakalokujia. Prefe anarudi Alhamisi, nitamwambia yote, naye ataamua bomba likae wapi. Idadi ya mizunguko ninayo kwenye kaye, ninaweza kuirudisha kwa asubuhi moja kama Mama Georgine atapiga magoti. Lakini kwa sasa ninaiacha ione moshi. Nimeshajua kuogopa kioo kibaya. Kuogopa kioo kizuri sikuwa nimefundishwa na mtu.

Umpelekee mama salamu zangu, na umwambie ninafunika vioo. Umsalimie mume wako, shemeji yangu mpenda maswali. Mjomba wetu katekista, aniwekee nia moja kwenye maombi bila kutaja jina. Shangazi wa sokoni mwenye chumvi na sabuni. Na watoto wako wote watatu, hasa yule wa mwisho aliyelia nilipoondoka. Bahasha ya kurudisha mpe mama yuleyule wa vitambaa, anarudi baada ya wiki mbili.

Mimi mdogo wako ambaye bado yupo,

Kavira